Akiba ya chakula ya miezi mitatu: kununua kwa msimu, kukausha na kufunga

Bei ya mahindi Tanzania ina kalenda yake. Mbeya, Songwe, Rukwa, Iringa, Njombe na Ruvuma huvuna kuanzia Juni mpaka Agosti, na miezi hiyo malori yanashuka na magunia mpaka wenye maghala wanakosa pa kuweka. Ikifika Januari mpaka Machi mkulima mwenyewe kaishiwa, mvua zinanyesha, barabara za vijijini hazipitiki, na bei inapaa. Sasa angalia nani ananunua lini. Mwenye uwezo hununua gunia mwezi wa saba. Mwenye kipato cha kutafuta leo kula leo hununua unga wa nusu kilo mwezi wa pili, kwa bei ya juu kuliko zote za mwaka. Asiye nacho ndiye anayelipa zaidi, na hilo linaniuma.

Hata hivyo, fedha si kikwazo pekee. Nimeona akiba nyingi zikiharibikia ndani: gunia lililonunuliwa kwa jasho likageuka vumbi la wadudu kabla ya Krismasi, au mahindi yakavunda kwa sababu yalifungwa mabichi. Kununua ni kazi ya siku moja. Kukausha na kufunga ndiko kunakoamua kama Februari utakula au utakwenda dukani, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza, jua mnakula nini

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila kinachoingia chunguni: unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, chumvi. Usiandike mnachotamani kula, andika mnachokula. Akiba ya vyakula ambavyo familia haijavizoea huishia kuozea stoo.

Tuseme nyumba ni ya watu watano, na daftari linaonyesha hivi: kilo moja na nusu ya unga kwa siku, kilo moja ya wali mara tatu kwa wiki, nusu kilo ya maharage siku nne za wiki, lita moja ya mafuta kwa wiki, kilo moja na nusu ya sukari kwa wiki. Kwa miezi mitatu, yaani wiki 13, mtahitaji unga kilo 137 hivi, mchele kilo 39, maharage kilo 26, mafuta lita 13 na sukari kilo 20 kasoro kidogo. Kwa lugha ya sokoni hayo ni gunia moja la mahindi na nusu ya lingine kama mnakula dona, mchele debe mbili, na maharage debe moja na nusu hivi. Mkila sembe ongeza mahindi, kwa sababu mashine ya kukoboa inaondoa pumba na kiini.

Usianze na miezi mitatu. Anza na mwezi mmoja, ukishaumudu ongeza wa pili.

Fedha zitoke wapi

Njia ninayoiamini ni ya kuongeza kidogo kwenye manunuzi ya kawaida. Ukienda kununua chumvi pakiti moja, chukua mbili. Sabuni mche mmoja, chukua miwili. Vitu vidogo visivyoharibika vijae kwanza, ili msimu wa mavuno ukifika fedha yote ya ziada iende kwenye nafaka.

Kwa gunia, ungana na watu. Majirani watatu au wanawake wa kikoba kimoja wanaweza kuagiza magunia matano moja kwa moja kutoka kwa mkulima au soko la jumla, mkagawana na nauli. Wengine hupanga mzunguko wa upatu uangukie Julai au Agosti, wakati fedha ina nguvu ya kununua. Tuseme kilo ya mahindi ni shilingi 600 mwezi wa saba na 1,000 mwezi wa pili. Kwenye gunia la kilo 100 umeokoa shilingi 40,000, na hata ukitoa gharama ya mfuko mzuri wa kuhifadhia bado faida ni kubwa.

Nunua kwa mizani. Debe la huyu si debe la yule, na lumbesa inayoonekana imejaa inaweza kukuficha uzito halisi. Kabla hujalipa, tumbukiza mkono katikati ya gunia na utoe mahindi ya chini, maana ya juu siku zote ni mazuri. Yanuse. Harufu ya ukungu ikikugusa, hata kidogo, liache gunia hilo na bei yake ya chini.

Kukausha mahindi mpaka yakauke kweli

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa kuwa na unyevu wa asilimia 13 au chini kidogo. Nyumbani hatuna kipimo cha unyevu, lakini kuna kipimo cha chumvi ambacho hakigharimu kitu.

Tafuta chupa ya kioo angavu yenye kifuniko, iliyokauka kabisa ndani. Tafuta na chumvi kavu; ya Pwani huwa na unyevunyevu, kwa hiyo ianike juani kwanza mpaka itiririke kama mchanga. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa, mimina vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kama robo saa. Itazame kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kufungwa. Ikianguka yote chini, yako karibu. Mimi hata hapo huyaongezea siku moja ya jua kali, kwa sababu kati ya 15 na 13 bado kuna nafasi ya kuharibika.

Kuanika kuna utaratibu wake. Tandika turubai, usimwage ardhini wala pembeni mwa lami. Ukungu unaotengeneza sumukuvu unaishi kwenye udongo, na mahindi yanayogusa ardhi yanauokota. Tandaza yawe tabaka jembamba, yageuze mara kwa mara, na jioni yakusanye na kuyafunika kabla umande haujashuka. Wakati yanakauka, kaa nayo uyachambue: toa yaliyooza, yaliyosinyaa, yaliyobadilika rangi na yaliyotobolewa. Kazi hii inachosha mgongo, lakini haina mbadala.

Nasisitiza kwa sababu sumukuvu inaua. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara nazo zilizika watu kwa sababu hiyohiyo. Sumu yenyewe haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika. Ugali uliosongwa ukaiva bado unayo. Na yale mahindi mabovu uliyochambua usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita mpaka kwenye maziwa ya watoto. Yafukie au yachome. Karanga ni hivyohivyo: zinunue na maganda yake, zimenye kadiri ya matumizi, na zilizonyauka au kuota ukungu zitupe.

Mahindi yakishakauka, yaache yapoe kivulini usiku mmoja yakiwa yamefunikwa. Ukiyafunga yakiwa na joto la jua yatatoa jasho ndani ya mfuko, na kazi yote uliyofanya inarudi nyuma.

Dumuzi, fukusi na mifuko isiyopitisha hewa

Adui mkubwa wa mahindi makavu ni dumuzi, ambaye wengi wanamwita Scania. Asili yake ni Amerika ya Kati, na aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akasambaa. Hachagui: anakula mahindi, anakula makopa (mihogo mikavu), anatoboa hata mbao. Gunia alilolishambulia hubaki na punje zenye matundu na unga mweupe unaomwagika ukilitikisa.

Kwa miaka mingi dawa ya vumbi ndiyo imekuwa jibu. Inafanya kazi ikichanganywa kwa kipimo cha kwenye pakiti, ikiwa haijapitwa na muda, na mahindi yakisubiri siku zilizoandikwa kabla ya kuliwa. Tatizo ni dawa feki na vipimo vya kukisia kwa viganja. Vile vidonge vya kufukizia visiingie kabisa kwenye nyumba ya kulala. Vinatoa gesi ya fosfini, na familia zimekufa usingizini kwa sababu magunia yaliyowekewa vidonge yalikuwa chumba cha pili.

Ninachopendekeza ni mifuko isiyopitisha hewa, ile inayojulikana kwa jina la PICS au kinga njaa, na nyingine za aina hiyo zinazouzwa maduka ya pembejeo. Ina mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na kiroba cha kawaida nje. Teknolojia hii ilianzia kwenye kunde, Kamerun, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Siri yake ni nyepesi: wadudu waliofungiwa ndani wanavuta hewa mpaka oksijeni inapungua, wanaacha kula, hawazaani tena, wanakufa. Hakuna dawa yoyote.

Namna ya kufunga:

Pima kila nailoni kwa kuijaza hewa na kuikaza shingo. Ikinywea, ina tundu. Ingiza nailoni ya kwanza kwenye ya pili, na zote mbili kwenye kiroba. Mimina mahindi kidogo chini ili yashike pembe, kisha endelea kujaza huku ukishindilia kwa mikono na kutikisa, hewa itoke. Hakikisha hakuna kipande cha gunzi wala kijiti, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotoboa. Acha shingo ndefu ya kutosha. Kamua hewa iliyobaki juu, sokota nailoni ya ndani kwa nguvu, ikunje shingo iangalie chini, uifunge kwa kamba au mpira wa baiskeli. Fanya hivyo kwa ya pili. Malizia na kiroba.

Halafu usifungue. Hapa ndipo wengi wanaharibu: baada ya wiki mbili mtu anataka kuona kama wadudu wamekufa. Kila ukifungua unaingiza hewa na kuwapa uhai. Kaa angalau miezi miwili. Ndiyo maana gunia moja kubwa kwa matumizi ya kila wiki halifai; bora mifuko miwili ya kilo 50, ufungue mmoja na mwingine ubaki umefungwa mpaka wa kwanza uishe. Na kumbuka kwamba mfuko huu haukaushi kitu. Ukifungia mahindi mabichi, utafungua harufu ya pombe.

Weka punje, usiweke unga

Dona lina kiini cha hindi chenye mafuta, nalo likikaa wiki kadhaa kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga huwa chungu. Sembe hustahimili zaidi, lakini nalo huingia vidudu na kuvuta unyevu. Punje iliyokauka na kufungwa vizuri inavuka mwaka. Kwa hiyo saga debe moja moja, la kutosha wiki mbili au tatu, uache unga upoe kabla ya kuufunika, maana unga unatoka mashineni ukiwa na moto.

Mchele una bahati yake: ukiwa mkavu unadumu, na mchele uliokaa miezi kadhaa unachambuka vizuri kuliko mpya ambao hushikana. Kama una friji lenye sehemu ya kugandisha, weka mchele humo kwa mafungu, kila fungu siku tatu au nne, ili mayai ya wadudu yafe. Ukiutoa, uache kwenye mfuko wake uliofungwa mpaka urudi kwenye joto la kawaida, ndipo uuhamishie kwenye chombo. Asiye na friji aupepete, aupeperushe kivulini na kuufunga kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Jua kali linapasua punje, ukipika unapata chenga.

Kwa maharage na kunde nakupa njia ya bei ya bure: chupa za plastiki za maji za lita moja na nusu. Zioshe, zikaushe mpaka ndani kabisa, jaza maharage makavu mpaka shingoni huku ukigongagonga chini ili yasiache nafasi, kaza kifuniko. Ni ule ule ujanja wa mfuko wa PICS kwa kipimo cha chungu kimoja. Unafungua chupa moja, zilizobaki hazijaguswa. Tahadhari ni moja: yasizidi mwaka, na yasikae mahali penye joto. Maharage ya zamani yanakuwa magumu kuiva, na ulichookoa sokoni utakilipa kwenye mkaa. Yaliyofikia hapo yaloweke usiku kucha, maji ya kulowekea yamwage.

Kitoweo na mboga

Dagaa wa Mwanza, Musoma au Kigoma ndio akiba nafuu ya protini. Nunua waliokaushwa kwenye vichanja, si mchangani, na wanaovunjika ukiwabana. Baada ya kila wiki tatu au nne, hasa Pwani, waanike tena kwa saa chache, wapoe, uwarudishe kwenye chombo kikavu. Wa kukaanga kwenye mafuta hawadumu, wale haraka.

Dodoma na Singida kuna ujuzi wa mboga kavu ambao watu wa mijini tumeuacha. Majani ya kunde, mlenda na matembele yanaoshwa, yanachovywa kwenye maji ya moto yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili tatu, yanachujwa na kutandazwa kivulini penye upepo. Kivuli kinatunza rangi na vitamini A kuliko jua la wazi. Yakilia kama karatasi kavu mkononi, yako tayari kufungwa. Ukiwa na karanga za kusaga, mboga hiyo pekee inabeba mlo mzima.

Mafuta ya alizeti yawekwe gizani na yaandikwe tarehe, yasizidi nusu mwaka hivi, maana mwanga na joto huyaharibu. Chumvi ifunikwe, yenye madini joto ikiachwa wazi hupungua nguvu. Sukari kavu haiozi, na inafaa kuwekwa kwa sababu viwanda vyetu husimama kusaga miwa wakati wa masika. Mwanzoni mwa 2024 mvua nyingi ziliporudisha uzalishaji nyuma, sukari iliadimika, bei ikapanda ndani ya wiki chache, na mwenye kilo kumi nyumbani alivuka salama.

Vitu visivyoliwa

Sabuni ya mche ikate vipande, vipange kwenye rafu vikiwa vimeachana, vikauke mwezi mmoja au zaidi. Sabuni ngumu haiyeyuki ovyo kwenye beseni. Mkaa nunua kabla ya mvua na uuweke mbali na sakafu. Kama mnapikia gesi, mtungi wa pili mdogo unakuokoa siku ule mkubwa unapokata katikati ya maharage, ila usiuweke chumba cha kulala. Viberiti na betri vikae kwenye kopo kavu. Pakiti za chumvichumvi za kutibu upungufu wa maji mwilini ziwepo kila nyumba yenye mtoto. Antibiotiki usizirundike.

Maji yanasahaulika. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2022, kina cha mto Ruvu kiliposhuka. Pipa moja la lita 200 lenye mfuniko kwa kuoshea, na madumu ya lita 20 kwa kunywa na kupikia, ni mwanzo mzuri. Ya kunywa chemsha, weka kwenye dumu safi lenye mdomo mwembamba, andika tarehe, yabadilishe kila baada ya siku chache. Ndoo zilizobeba rangi, dawa ya mimea au mafuta ya gari zisiguse maji wala chakula, hata ziwe zimeoshwa vipi.

Pa kuweka na namna ya kutumia

Nyumba ya chumba na sebule inatosha. Uvungu wa kitanda unabeba chupa za maharage na madumu ya mafuta, na pembe moja ya chumba inabeba mifuko miwili ya nafaka. Usilaze gunia sakafuni wala usiliegemeze ukutani. Tengeneza chaga kwa mbao au weka matofali na mabanzi juu yake, uache nafasi ya shubiri mbili kutoka ukutani ili upite na ufagio. Panya hupenda sehemu usizofagia, naye akitafuna nailoni mara moja tu mfuko hauna kazi tena. Mahali pawe pakavu, mbali na jiko na jua la dirishani.

Kila chombo kiandikwe kwa kalamu ya wino mzito: kitu gani, mwezi gani. Kilichotangulia kuingia kiwe mbele na kitangulie kutoka. Akiba hii ni ya kuliwa, si ya kutazamwa. Mnakula kutoka stoo, na mkinunua kipya kinakwenda nyuma. Mara moja kwa mwezi mtu mmoja mwenye jukumu hilo apite na daftari, anuse, atikise chupa, akague chini ya mifuko kama kuna unga uliomwagika, aandike kilichopungua. Mpe kazi hiyo kijana wa nyumbani ajifunze mapema.

Ndugu wakijua mna magunia watakuja, na ni haki yao. Tenga fungu la wageni na misiba tangu mwanzo, debe moja au nusu, liandikwe hivyo kwenye daftari, ili kutoa kusikuvurugie hesabu ya watoto.

Ikifika Mei, malizeni yote ya zamani kabla ya mavuno mapya kuingia. Fagia chumba mpaka nyufani, choma takataka zake, na magunia ya katani yatumbukize kwenye maji yanayochemka kisha uyaanike, kwa sababu wadudu wa mwaka huu husubiri mahindi ya mwaka ujao kwenye mishono. Mifuko ya nailoni ijaze hewa uipime upya. Isiyovuja inabeba msimu wa pili, wakati mwingine hata wa tatu. Yenye tundu dogo la kuonekana izibe kwa selotepu pana nje na ndani uitumie kwa nafaka zitakazoliwa mapema. Iliyotobolewatobolewa na dumuzi ipasue pembeni, itandike kwenye uwanja, uianikie mahindi ya Julai.